Namna ya Kumwuguza Bata Aliyeumwa na Nguchiro

Katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, bata hafugwi kwa ajili ya nyama na mayai tu. Mara nyingi hutokea bata mmoja akalelewa na mtoto tangu alipotoka katika yai, akamzoea kabisa, akawa humfuata kila aendako. Bata wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Basi siku nguchiro anapomrukia majanini, akamng'ata mgongoni na shingoni, kisha akakimbia kwa kelele za watu, mtoto hulia na watu wazima husema, "Achinjwe tu."

Pengine shauri hilo ni jema, lakini si kila mara. Bata ana nguvu kubwa ya kupona, na jeraha linalotisha kwa macho huweza kufunga likitunzwa vizuri. Aliyeokoka meno ya nguchiro bado ana maadui watatu wa kumwua: fadhaa, baridi na uchafu. Watatu hao waweza kuzuiwa hata katika nyumba isiyo na dawa nyingi.

Fadhaa na baridi

Mwenye bata asianze kwa dawa. Kwanza amshike bata taratibu, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni na mkono mmoja ukiwa chini ya tumbo. Asimnyanyue kwa miguu wala kwa bawa. Tena asimbane kifua, kwa maana ndege hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Akibanwa sana hufa kwa kukosa pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo, kitambaa kisifungwe kwa nguvu kuzunguka mwili wake.

Ikiwa damu inatoka, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa muda wa dakika 5, bila kufunua kila mara kutazama. Damu ikikoma, bata awekwe katika sanduku au tenga lenye nyasi kavu, mahali penye giza kidogo, mbali na mbwa, kuku na watoto wanaotaka kumtazama. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kitambaa yafaa kuwekwa upande mmoja wa sanduku, ili aweze kuisogelea au kuiacha. Jiko la makaa lisiwekwe karibu, maana moshi na hewa yake ni sumu kwa ndege kuliko kwa mtu.

Wala asinyweshwe maji kwa nguvu, kwani huweza kuingia katika njia ya pumzi. Awekewe chombo, naye atakunywa mwenyewe akipata utulivu.

Uchafu

Bata akiisha tulia, jeraha lioshwe siku iyo hiyo. Maji yachemshwe, yaachwe yapoe yawe vuguvugu, na kijiko kimoja kidogo cha chumvi kitiwe katika nusu lita. Manyoya yaliyo pembeni ya jeraha yakatwe kwa mkasi ili yasiingie ndani. Kisha maji hayo yamiminwe juu ya jeraha mpaka mchanga, manyoya na damu iliyoganda vitoke. Spiriti isitumiwe, kwa kuwa huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona. Dawa ya ayodini yafaa ikichanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai isiyokolea.

Kazi hiyo irudiwe asubuhi na jioni. Nzi ni adui mkubwa hapa: wakati wa joto, mayai yao huweza kuanguliwa kabla ya siku moja kwisha, na mabuu yakaanza kula nyama. Kwa hiyo sanduku lifunikwe kwa chandarua, na nyasi zilizoloa zibadilishwe kila siku.

Yafaa kujua pia kwamba usaha wa ndege hautiririki kama wa mtu. Huwa mgumu na wa rangi ya manjano, mfano wa jibini. Mtu asiyejua huweza kuudhani kuwa gaga la kupona, kumbe jeraha linaoza chini yake.

Maji ya kuogelea

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakimwona bata mnyonge humpeleka mtoni, wakidhani maji yatamfurahisha. Bata mwenye afya hujipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo karibu na mkia, na manyoya yake hayapenyi maji. Lakini bata mgonjwa huacha kujitengeneza. Akiingia majini huloa, hupata baridi, na uchafu wa dimbwi huingia katika jeraha. Basi asiogelee mpaka ngozi ifunge. Hata hivyo apewe chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo wote, ili asafishe pua na macho na aweze kumeza chakula. Apewe mahindi yaliyosagwa na kulowekwa, mboga zilizokatwakatwa na dagaa kidogo. Na kwa kuwa bata hapendi upweke, mwenzake awekwe mahali ambapo wataonana bila kugusana.

Wakati wa kumwita mganga wa mifugo

Meno ya mnyama hupeleka sumu ya uchafu ndani sana, ijapokuwa tundu ni dogo. Ikiwa tundu ni la kina, au hewa inatoka katika jeraha, au tumbo limetoboka, au mfupa umevunjika, au bata hali kitu kwa siku nzima, afisa wa mifugo aulizwe bila kukawia. Vidonge vya binadamu visikisiwe. Bata akipewa dawa, mayai yake yasiliwe mpaka siku alizotaja afisa huyo zitimie. Na kama hakuna tumaini, kumwua upesi bila kumtesa ni huruma pia.

Jambo moja ni kubwa kuliko bata. Nguchiro, mbweha na mbwa huweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtu aliyeng'atwa alipokuwa akimwokoa bata aoshe jeraha lake kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Na anayemwuguza bata afunike michubuko ya mikono yake na kunawa vizuri.

Banda

Mnyama aliyeonja hurudi. Kumponya bata na kumrudisha katika banda lile lile bovu ni kumlisha nguchiro. Waya wa matundu makubwa huzuia kuku kutoka, lakini hauzuii nguchiro mdogo kuingia. Yatakiwa waya wa matundu madogo, uliofukiwa ardhini ili asichimbe. Kanu na fungo huwinda usiku, kwa hiyo mlango ufungwe kabla ya giza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto aliyemwuguza bata wake kwa majuma kadhaa hahitaji kufundishwa methali hiyo. Apewe nyundo na misumari, naye atashika kazi.