Mistari ya Ramani na Mto Kagera

Kila mtu aliyepata kuitazama ramani, au lile tufe la dunia liwekwalo juu ya meza shuleni, ameona mistari mingi inayoikata nchi na bahari, mingine imelala na mingine imesimama. Wako wanaodhani kuwa ni njia au mito. Sivyo. Ardhini haipo kabisa, na msafiri avukaye Ikweta hapo Nanyuki haoni ila kibao kilichosimamishwa na watu.

Mistari iliyolala yaitwa latitudo. Ikweta ndiyo ya katikati, na hesabu yake ni 0; toka hapo twahesabu digrii kwenda kaskazini na kusini hata kufika 90 penye ncha za dunia. Digrii moja ni kadiri ya maili 69. Basi Dar es Salaam, iliyo karibu na digrii 7 kusini, iko mbali na Ikweta yapata maili 470.

Mistari iliyosimama ni longitudo, nayo hutoka ncha moja hata ncha ya pili. Hii haina mwanzo wake yenyewe, ndiyo sababu mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakapatana hesabu ianzie Greenwich, mjini London. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kigoma iko karibu digrii 10 magharibi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua la adhuhuri huwafikia watu wa Kigoma dakika kama 39 baada ya watu wa pwani, ijapokuwa saa zao zasema mamoja.

Lakini mstari usioonekana waweza kuleta mashaka makubwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba mpaka wa nchi zao ukate Ziwa Victoria katika latitudo ya digrii 1 kusini, uendelee magharibi. Waliopatana walikuwa Ulaya, na rula haiulizi mto umepita wapi. Mto Kagera hushuka kusini ya mstari huo hata Kyaka, kisha hupanda tena na kuingia ziwani katika nchi ya Uganda. Hivyo kipande cha nchi kilicho kati ya mto na mstari kikawa cha Tanganyika.

Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walikiingia kipande hicho, na mapema Novemba yeye akatangaza kuwa mto ndio mpaka. Watu waliuawa, ng'ombe wakatekwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ikapigana, hata Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Na mpaka ukabaki pale pale penye digrii 1, hapo Mutukula.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto jambo hili na anyoshe uzi juu ya ramani, digrii 1 kusini, kisha awaambie wafuatishe mto kwa kidole mpaka watakapoona unapoachana na uzi.