Amri ya Nne Haina Ukomo

Wako Wakristo wadhanio kwamba Amri ya Nne ni ya watoto wadogo tu. Sivyo! Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo waliomruhusu mtu kuiita mali yake Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, asiwasaidie tena babaye na mamaye. Basi tujihoji: yafaa nini kuongoza michango ya kigango, ilhali mama mzee hana chumvi wala wa kumtekea maji? Tena kupeleka fedha tu hakutoshi. Mzee ataka kutazamwa, kusikilizwa, na kuitiwa padre ampe Mpako wa Wagonjwa angali na fahamu. Yesu, hata Msalabani, alimkabidhi Mamaye kwa mwanafunzi aliyempenda. Nasi tusingoje matanga ndipo tuchinje ng'ombe.