Kuondoa Tahadhari ya Ulaghai katika Taarifa Yako ya Mikopo

Tuseme mama mmoja, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, anakwenda siku ya Jumamosi kununua gari kwa mkopo. Mshahara wake unatosha, kodi ya nyumba huilipa kwa wakati, na deni la kadi yake ni dogo. Muuzaji anaingiza jina lake katika kompyuta, anasubiri, kisha anarudi na kumwambia kwamba mkopo haukupita. Hakukataliwa kwa sababu ya deni. Majira ya baridi yaliyopita aliibiwa mkoba ndani ya basi, na kwa ushauri mwema wa jirani akaweka tahadhari ya ulaghai katika taarifa yake ya mikopo. Tangu hapo amebadili namba ya simu. Mkopeshaji alipiga namba ya zamani, akapokewa na mtu asiyemjua mama huyu wala habari zake. Sasa anarudi nyumbani kwa basi akiwa na azma moja tu: tahadhari ile iondolewe, tena iondolewe kesho.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuiondoa. Hata hivyo tutaanza kwa kuuliza kama kweli inafaa kuondolewa, kwa kuwa, kwa maoni yetu, wengi wanaoomba jambo hilo wanahitaji jingine lililo jepesi zaidi.

Tahadhari hufanya kazi gani

Hapa Marekani kampuni tatu kubwa hukusanya na kuuza taarifa za mikopo ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Hizi si ofisi za serikali, ingawa wageni wengi huzidhania hivyo. Ni kampuni za biashara zinazofungwa na sheria ya mwaka 1970 iitwayo Fair Credit Reporting Act. Marekebisho ya mwaka 2003 ndiyo yaliyoingiza tahadhari ya ulaghai katika sheria hiyo.

Tahadhari ni maelezo yanayoambatanishwa na taarifa yako ili kumwambia mkopeshaji kwamba huenda mtu mwingine anatumia jina lako. Mkopeshaji anayeyaona haruhusiwi kufungua akaunti mpya, kuongeza kiwango cha mkopo ulionao, wala kutoa kadi ya ziada, mpaka achukue hatua za maana za kuhakikisha kwamba anayeomba ni wewe mwenyewe. Ikiwa uliandika namba ya simu katika tahadhari ya kawaida, anapaswa kuipiga namba hiyo au kutumia njia nyingine ya maana ya kukutambua. Kadi uliyo nayo mkononi inaendelea kutumika kama kawaida. Tahadhari haipunguzi alama zako za mikopo, wala si doa katika taarifa yako.

Ziko aina tatu. Ya kwanza ni tahadhari ya awali, inayodumu mwaka mmoja. Kabla ya Septemba 2018 ilidumu siku 90 tu. Ya pili ni ya muda mrefu, inayodumu miaka 7, na hupewa mtu ambaye utambulisho wake umekwisha kuibiwa na ambaye amewasilisha ripoti ya wizi huo, kama ile inayojazwa katika tovuti ya serikali ya IdentityTheft.gov au ile ya polisi. Ya tatu ni ya askari walio kazini, nayo hudumu mwaka mmoja. Zote huwekwa bure na huondolewa bure. Muda wake ukiisha, tahadhari hujiondoa yenyewe. Kwa hiyo tazama kwanza tarehe uliyoiweka, kwa maana huenda zimebaki wiki tatu tu, nawe unajiandaa kupeleka vitambulisho vyako kwa posta kwa ajili ya jambo litakalojimaliza lenyewe.

Je, ni tahadhari au ni zuio?

Hili linawachanganya watu wengi kuliko jambo jingine lolote katika kijitabu hiki. Zuio la taarifa ni kitu tofauti kabisa. Tahadhari humruhusu mkopeshaji aione taarifa yako na kumtaka ahakikishe wewe ni nani, lakini zuio humfungia mlango: mkopeshaji mpya haioni taarifa yako hata kidogo. Zuio halina tarehe ya mwisho. Hukaa mpaka uliondoe. Nalo huwekwa katika kila kampuni peke yake.

Mtu aliyeibiwa mkoba mara nyingi huweka vyote viwili siku hiyohiyo, kisha baada ya miezi kadhaa akakumbuka neno moja tu, tahadhari. Akiiondoa tahadhari na kuliacha zuio, mkopo hautapita, naye amepoteza kinga bila kupata alichokitaka. Mkopeshaji akikwambia kwamba hawezi kabisa kuisoma taarifa yako, shaka ya kwanza iwe juu ya zuio. Muulize ni kampuni gani kati ya zile tatu aliyoiuliza. Zuio linaweza kufunguliwa kwa siku chache na kurudi lenyewe, na ukiomba kwa mtandao au kwa simu, sheria inaitaka kampuni ilifungue ndani ya saa 1. Kwa barua, ni siku 3 za kazi tangu barua ipokewe.

Kabla hujaiondoa

Rudi kwa mama wa mfano wetu. Kinachomzuia ni namba ya simu iliyokufa. Akiwasiliana na kampuni zote tatu na kubadilisha namba iliyomo katika tahadhari, mkopeshaji atampigia, atajibu, na gari litapatikana huku kinga yake ikibaki mahali pake. Anaweza pia kumwambia muuzaji tangu mwanzo, kabla kompyuta haijaguswa: "Ndugu, taarifa yangu ina tahadhari ya ulaghai. Namba ya kunipigia ni hii, na vitambulisho vyangu hivi hapa." Mikopo inayotolewa kwa kompyuta ndani ya dakika chache, kama ile ya madukani wakati wa kulipia bidhaa, ndiyo inayokwama mara nyingi, kwa sababu hakuna mtu wa kuinua simu. Mkopo wa nyumba, ambao huchukua wiki nyingi na karatasi nyingi, husumbuliwa kidogo sana na tahadhari.

Lakini sababu njema za kuiondoa zipo. Huenda iliwekwa kwa makosa, mkoba ukapatikana chini ya kiti cha gari na kila kitu kikiwamo. Huenda shauri la wizi limekwisha, akaunti za uongo zimefutwa, na umeamua kutumia zuio peke yake. Huenda pia unaomba mikopo kadhaa kwa mpigo, nawe kazi yako ni ya usiku, na kila simu ya uthibitisho hukukuta usingizini. Hatuoni kosa katika sababu hizo. Tunachokusihi ni kwamba, ikiwa mwizi hajajulikana na soshali yako bado iko mikononi mwa watu, usiiondoe kwa sababu tu muuzaji ameudhika.

Kuna jambo jingine tusilopenda kulipita. Mtu anayefaidika zaidi na kuondolewa kwa tahadhari ni mwizi mwenyewe. Ukipigiwa simu na anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya taarifa za mikopo, akisema tahadhari yako itaondolewa leo ikiwa utamsomea tarakimu zilizoingia katika simu yako, kata simu. Vivyo hivyo kwa wanaojitangaza kuwa mafundi wa kusafisha mikopo na wanaotaka malipo kwanza: sheria inawakataza kupokea fedha kabla ya kazi kukamilika, na kazi hii utaifanya mwenyewe bila kulipa chochote.

Namna ya kuiondoa

Ulipoiweka tahadhari, huenda uliwasiliana na kampuni moja tu, na hizo nyingine mbili zikajulishwa, kwa kuwa sheria inaitaka ile ya kwanza iwapashe wenzake habari. Kuiondoa hakuendi hivyo. Ni lazima uombe kwa Equifax, kwa Experian na kwa TransUnion, kila moja kwa nafasi yake. Ukiiondoa mahali pamoja, zile mbili zitaendelea kuionyesha, na huwezi kujua mkopeshaji wako ataanzia wapi.

Utaratibu wa kila kampuni si uleule. Kwa ujumla tahadhari ya awali ni rahisi kuiondoa kuliko ya miaka 7, na mwenye akaunti katika tovuti ya kampuni hupita kwa urahisi zaidi kuliko asiye nayo. Anza na tovuti ya kampuni yenyewe. Andika anwani yake kwa mkono wako. Usiifuate kutoka katika ujumbe wa simu. Pale inapotakiwa barua, iandike kwa Kiingereza, kwa sentensi chache: kwamba unaomba tahadhari ya ulaghai iondolewe katika taarifa yako, jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi wetu huiita soshali, anwani ya sasa na zile ulizokaa miaka miwili iliyopita. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha serikali, na nakala ya bili ya umeme, ya maji au taarifa ya benki yenye jina na anwani yako. Peleka nakala tu, usipeleke hati halisi kamwe. Tumia posta yenye stakabadhi ya kupokelewa.

Wengine hulalamika kwamba ushahidi unaotakiwa ni mwingi. Sheria haikuruhusu kampuni iondoe tahadhari kabla ya muda wake bila uthibitisho unaofaa, na bila ugumu huo mwizi angeiondoa kwa simu moja.

Kuhusu mkalimani: ikiwa Kiingereza chako hakikutoshi, sheria inamruhusu mtu akuwakilishe, lakini mchague kwa makini. Mara nyingi kazi hii hupewa mtoto wa miaka 14 au mpwa aliyesoma hapa, nao husikia soshali, tarehe ya kuzaliwa na majibu ya maswali ya siri. Hatusemi usiwaamini wa nyumbani mwako. Tunasema namba hizo ziandike wewe, kwa mkono wako, na mkalimani afasiri mazungumzo yaliyobaki. Wizi wa utambulisho unaofanywa na jamaa upo, na ni mchungu kuushtaki.

Jina na tarehe ya kuzaliwa

Hapa ndipo maombi ya wasomaji wetu hukwama. Watu wengi waliosajiliwa ukimbizini bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Wengine walifika na majina matatu, lao, la baba na la babu, na karani mmoja akalifanya la babu kuwa la ukoo, na karani mwingine akalifanya hivyo la baba. Kadi ya soshali ikasema hivi, leseni ya gari ikasema vile, na benki ikaandika la tatu. Mashine ya kampuni inapolinganisha haijui kwamba huyo ni mtu mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, chukua taarifa yako kutoka kampuni zote tatu kupitia AnnualCreditReport.com, ambapo hupatikana bure kila wiki. Soma jina jinsi lilivyoandikwa pale, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na anwani. Omba kwa jina hilo, na upeleke nakala za hati zinazolingana nalo. Ikiwa hakuna hati inayolingana, ongeza ile inayounganisha majina mawili, kama cheti cha ndoa au amri ya mahakama ya kubadili jina. Jina likiwa limekosewa katika taarifa yenyewe, peleka pingamizi la maandishi kwanza. Kampuni ina siku 30 za kulichunguza, na katika hali fulani 45. Ni muda mrefu kwa anayesubiri gari, lakini kosa hilo lisiporekebishwa litakufuata tena utakapoomba nyumba.

Katika kusoma huko unaweza kukuta akaunti usiyoijua. Ikiwa ndivyo, acha wazo la kuondoa tahadhari. Jaza ripoti ya wizi wa utambulisho na uipeleke kwa kampuni pamoja na uthibitisho wako. Sheria inaitaka iizuie habari hiyo ya uongo ndani ya siku 4 za kazi baada ya kupokea karatasi zote zinazotakiwa. Na sasa unastahili tahadhari ya miaka 7.

Baada ya kuomba

Andika tarehe, saa na jina la kila uliyezungumza naye, na uweke stakabadhi za posta pamoja na nakala za barua. Baada ya kupata jibu, chukua tena taarifa zote tatu uone kama tahadhari imetoka kweli, kabla ya kurudi kwa mkopeshaji. Ikiwa imebaki katika mojawapo, iandikie kampuni hiyo tena ukitaja tarehe ya ombi la kwanza. Isipojibu, malalamiko hupokelewa na Consumer Financial Protection Bureau, ambayo ni taasisi ya serikali kuu, na pia na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Ambatanisha nakala ya stakabadhi, na iliyo halisi ubaki nayo.