Mbwa na Bwana Wake Mashindanoni

Kazi za mbwa zajulikana: hulinda nyumba usiku, huwinda, huchunga kondoo. Lakini iko kazi nyingine isiyoleta nyama wala mali, nayo ni kushindana kupita vizuizi pamoja na bwana wake.

Mchezo huu ulianza Uingereza. Huko hufanywa maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, na mwaka 1978 yalikuwa katika jumba la Olympia, mjini London. Baina ya shindano moja na jingine palikuwa na muda mtupu, nao watazamaji walikaa bure. John Varley, mmoja wa wasimamizi, alitaka kuwafurahisha. Alikuwa akiyajua mashindano ya farasi warukao viunzi, akaona ya kuwa mbwa naye aweza kufanya vivyo hivyo. Akamwomba Peter Meanwell, mfundishaji wa mbwa, atengeneze vizuizi. Zikaja timu mbili, kila moja ina mbwa wanne, na watu wakapendezwa mno. Mwaka 1980 chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliukubali mchezo huo na kuuwekea kanuni. Siku hizi huchezwa katika nchi nyingi.

Uwanjani huwekwa vizuizi, kila kimoja na namba yake. Viko viunzi vya kuruka, ambavyo kimo chake hupimwa kwa kimo cha mbwa. Liko bomba refu la kupita ndani. Ziko nguzo nyembamba 12 katika mstari mmoja, na mbwa hupita katikati yake akipinda huku na huku kama nyoka. Tena uko ubao wa kupembea: mbwa hupanda ncha moja, na afikapo katikati, ncha ya pili hushuka. Sharti angoje hata iguse nchi ndipo ashuke. Akiangusha kiunzi, au akiruka kutoka ubaoni mapema, huandikiwa makosa 5. Akipita kizuizi kisicho zamu yake, hutolewa.

Bwana wake hukimbia pamoja naye, akimwita na kumwonyesha kwa mkono. Lakini ni marufuku kumgusa, wala haruhusiwi kushika chakula mkononi. Hapana kamba, hapana fimbo. Kwa hiyo mbwa asiyemwamini bwana wake hawezi kushinda.

Imani hiyo haipatikani kwa siku moja. Ubao wa kupembea humtisha mbwa mchanga, kwa kuwa wasogea chini ya miguu yake na kupiga kishindo. Mfundishaji mwenye busara huanza na ubao ulioinuliwa kidogo tu, akaushika kwa mkono ushuke taratibu, na kila hatua humpa mbwa kitu cha kula. Haba na haba hujaza kibaba. Tena hana haraka: katika Uingereza mbwa hakubaliwi kushindana kabla ya kutimiza miezi 18, maana mifupa yake haijakomaa.

Naye bwana ana somo lake. Kabla ya kushindana hupewa nafasi ya kuutembelea uwanja peke yake, bila mbwa, ili akariri njia. Asipokariri vema, huchelewa kugeuka. Mbwa atokapo bombani huona vizuizi viwili mbele yake, akatazama bega la bwana wake limeelekea wapi. Likielekea kusikopasa, mbwa huenda huko huko mbio, akafurahi kwa kuwa ametii. Mwamuzi humtoa, na kazi ya miezi mingi imekwisha kwa nukta moja.

Je, kosa ni la nani? Mbwa alifuata alichoonyeshwa. Akikemewa hapo, hajui sababu yake. Hujua tu kwamba uwanjani pana hasira, na mara ya pili atakwenda polepole kwa hofu. Basi bwana aliye mwema humsifu mbwa wake na kumpa thawabu yake, ingawa wameshindwa, kisha huenda akajifunza kugeuka kwa wakati wake.

MASWALI
1. Mchezo huu ulianza wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini ubao wa kupembea humtisha mbwa mchanga?
3. Bwana hukatazwa mambo gani uwanjani?
4. Mbwa akifuata njia isiyo yake, kwa nini haifai kumkemea?