Mulembe Bila Haki Si Mulembe: Unajisi Haumalizwi Kanisani

Kijitabu kwa wazazi, wachungaji na wazee wa makanisa, Kitale na Bungoma

Kwa nini tunaandika

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Mtoto amenajisiwa. Kabla jua halijatua wazee wameketi sebuleni, chai imemiminwa, mbuzi wametajwa, karatasi imetiwa sahihi. Mzee wa kanisa anafunga kwa sala na kutangaza kwamba amani imerudi. Mtoto mwenyewe yuko jikoni. Hakuna aliyemuuliza neno.

ONYO: Hayo si mapatano. Ni kuficha uhalifu.

Amani ya Mungu ni ipi?

Huku kwetu tunasalimiana "mulembe", yaani amani. Tangu Kanisa la Friends lianze Kaimosi mwaka 1902, magharibi ya Kenya imefundishwa kuchukia vita. Ni urithi mwema, nasi tunaulinda. Lakini nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani mahali isipokuwapo, wakiganga jeraha juujuu. Isaya anafundisha kuwa amani ni tunda la haki. Na tunda halitangulii mti.

Wanafunzi walipowazuia watoto, Yesu alichukizwa, akasema Ufalme wa Mungu ni wa walio kama wao. Anayemnyamazisha mtoto kwa jina la Ufalme huo anamfungia mwenye nyumba mlango.

"Lakini Biblia inasema tusamehe." Ndiyo. Msamaha hutoka moyoni mwa aliyeumizwa, kwa wakati wake. Haununuliwi kwa mbuzi, wala haufuti kesi.

Fanya hivi, leo hii

1. Usimwogeshe mtoto. Usifue nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
2. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kila saa ya kikao cha wazee inakatwa humo.
3. Piga ripoti polisi, kwenye dawati la jinsia, upewe namba ya OB na fomu ya P3. Polisi wakichelewa, hospitali isisubiri.
4. Ukikwama, piga 116 kwa masuala ya watoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Tunarudia: hospitali kwanza, kikao kamwe.

Sheria kwa ufupi

Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Walio chini ya miaka 18 wote wanalindwa; adhabu hutofautiana kwa umri. Kusitisha mashtaka hakumo mikononi mwa mzazi, mchungaji wala mzee wa ukoo. Karatasi mliyotia sahihi sebuleni haina nguvu mahakamani.

Neno kwa wachungaji

Ugomvi wa mpaka wa shamba, deni au matusi, patanisheni. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inatambua upatanisho. Unajisi, msiuguse. Tumelisema hili vijijini na wapo waliotununia. Tutalisema tena.

Mchungaji, siku mzazi atakapobisha mlangoni kwako akiwa amemshika mtoto mkono, usiite wazee. Tafuta gari la kwenda hospitali, upande nao.