Ukaguzi wa Magari ya Biashara: Kijitabu kwa Tajiri, Dereva na Utingo

Dibaji

Kijitabu hiki kimekusudiwa wenye malori na mabasi ya biashara wa Tanzania Bara, pamoja na wale wanaoyaendesha na kuyatengeneza, ili kuwaeleza namna ya kuyakagua magari hayo kabla hayajaingia barabarani. Aghalabu gari linapopinduka watu husema kwamba ajali haina kinga. Na kwa hakika yapo mambo ya kudra ambayo mwanadamu hana hila nayo. Lakini mpira wa upepo uliochanika, liningi iliyokwisha na nati iliyolegea si katika hayo, maana kila kimoja kilikwisha kuonekana, ama kingalionekana, lau mtu angaliinama akatazama.

1. Sheria na mipaka yake

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekataza gari bovu kuendeshwa barabarani, ikawapa askari idhini ya kulisimamisha na kulikagua. Na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo itoayo leseni za usafirishaji kwa mabasi na malori ya biashara. Fauka ya hayo, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka tani 56 kuwa kikomo cha uzito wa gari pamoja na mzigo wake. Haya yote ni mema, illa hati ya mkaguzi hushuhudia hali ya gari siku ile lilipokaguliwa, wala haishuhudii siku ya pili yake. Lori lililofaulu leo, likapakia shehena bandarini Dar es Salaam, likapita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, laweza kufika na breki zisizofanana kabisa na zile zilizopimwa. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa serikali haumwondolei mwenye gari wajibu wa kulikagua mwenyewe kila siku.

2. Kabla ya kuondoka

Ukaguzi wa asubuhi huchukua takriban robo saa, na hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa vigingi. Dereva na aanze kwa kutazama ardhi chini ya gari, kwani doa la mafuta au la maji ya rejeta huonekana upesi zaidi pale kuliko penginepo. Kisha alizunguke gari lote kwa upande mmoja mpaka arejee alipoanzia, asiruke kitu. Taa za breki na za kuashiria huhitaji watu wawili, mmoja akikanyaga na mwenziwe akitazama nyuma, na hiyo ndiyo kazi ya utingo. Vioo, waipa, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi, kamba na minyororo ya mzigo, yote hayo hupitiwa kwa mkono na kwa jicho. Katika basi, sharti mlango wa dharura ufunguliwe kweli, usitazamwe tu, na mikanda ya abiria ivutwe mmoja mmoja.

Penye trela, dereva aangalie kwamba pini yake kuu imeshikwa barabara na kwamba kitasa kimejifunga, halafu alivute lori polepole mbele huku breki za trela zimekamata. Likivutana na trela bila kuachana, ndipo ajue muungano u salama.

3. Matairi na nati

Desturi ya kulipiga tairi kwa nondo na kusikiliza mlio ni ya zamani, nayo humjulisha mtu tairi lililokwisha upepo kabisa; lakini lile lililopungua kidogo halijulikani kwa mlio, hujulikana kwa geji. La kuhofiwa zaidi ni tairi la ndani katika matairi pacha, ambalo huweza kukosa upepo pasipo mtu kutambua, mwenziwe akabeba mzigo wa wote wawili, hata joto likazidi na tairi likapasuka au kushika moto. Ubavuni mwa tairi zimo tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT: mathalan 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, basi anayenunua tairi la mtumba asitazame meno yake tu, asome na umri wake.

Nati za gurudumu nazo husema kwa namna yake. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea nje ya ringi ni dalili ya kwamba nati hiyo inacheza. Tena gurudumu likifunguliwa na kufungwa, nati zake sharti zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100, maana hulegea kadiri chuma kinavyokaa mahali pake.

4. Breki za upepo

Breki za malori makubwa na mabasi huendeshwa kwa upepo uliosindikwa katika mitungi. Mwanzo wa kuzichunguza ni kuondoa maji yaliyokusanyika mitungini; kisha injini iwashwe mpaka upepo ujae, izimwe, na pedali ikanyagwe na kushikiliwa dakika nzima. Katika mtihani wa madereva wa malori huko Marekani, lori lenye trela moja likipoteza zaidi ya pauni 4 kwa inchi mraba katika dakika hiyo, sawa na robo ya bar hivi, huhesabiwa kuwa bovu. Na kipimo hicho chafaa kufuatwa popote. Uvujaji hutafutwa kwa sikio, na kwa povu la sabuni kwenye viungo. Ni haramu kuuziba mpira wa upepo wa trela ili safari iendelee, kwani afanyaye hivyo ameiacha trela yote isukume lori bila breki.

Anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, anajua kwa nini twasisitiza jambo hili. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuuzuia inayotakiwa huzidi mara nne; dramu hupata moto, hutanuka na kujitenga na liningi, na dereva hukanyaga pedali bila kupata jibu. Gurudumu moja ambalo breki yake haikurekebishwa huyaachia mengine kazi yake, nayo huungua upesi. Hivyo sharti breki zirekebishwe sawasawa kabla ya safari, na mteremko ushukwe kwa gia nzito tangu kileleni. Kushuka kwa frii ili kubana mafuta ni kuinyima injini nafasi ya kusaidia breki.

5. Daftari na neno la dereva

Ukaguzi usioandikwa hausaidii. Kila gari na liwe na daftari lake, lenye tarehe, kilomita, kasoro iliyoonekana, jina la aliyeiona, na sahihi ya fundi aliyeitengeneza; na gari lipelekwe gereji kwa hesabu ya kilomita, lisingoje kuharibika, likaguliwe juu ya shimo: springi, shokapu, taireodi, liningi na mabomba.

Hata hivyo daftari lililojaa alama za sawa, siku baada ya siku, ni la kushuku kuliko lenye kasoro, kwa kuwa hakuna lori la kazi lisilo na ila. Aghalabu dereva huandika sawa kwa sababu anajua kwamba akiandika bovu ataambiwa ampishe mwingine anayetaka kazi. Na tajiri aliyeyaruhusu haya amenunua daftari, hakununua usalama. Maadamu dereva hana ruhusa ya kusema gari hili haliondoki, yote tuliyoyaeleza hapo juu huwa ni kupoteza robo saa.

Kwa hiyo twamshauri kila mwenye magari aandike amri fupi, aitie sahihi na kuibandika ofisini na ndani ya kila gari, isemayo kwamba dereva atakayelizuia gari kwa kasoro ya breki, usukani, matairi au taa hatakatwa posho wala kuondolewa kazini, na kwamba gari hilo halitaondoka mpaka fundi aweke sahihi.