Baina ya Nia na Azma katika Kununua Nyama

Amma baad. Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameieleza nia kuwa ni kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Kusudio likitangulia na kitendo kikachelewa, jina lake ni azma. Twaisoma tafauti hii katika mlango wa udhu, kisha tukifika sokoni twaisahau.

Tazama nyama. Katika nchi nyingi wafugaji huwapa wanyama antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu, si kwa ugonjwa tu, bali wastahimili kusongamana bandani, na penginepo wakue upesi. Vijidudu vikizizoea dawa hizo huweza kumfikia mwanadamu, naye akatibiwa asipone. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyoshinda dawa. Walakini hesabu hiyo si ya mifugo peke yake, kwani nasi wanadamu twazitumia dawa ovyo.

Mwaka 2012 jarida la Consumer Reports liliwauliza watu wa Marekani. 86 katika kila 100 walisema yapasa nyama ya mnyama asiyepewa antibiotiki ipatikane dukani kwao, na zaidi ya 60 wakasema wa tayari kuongeza senti 5 kwa kila ratili. Na nyama hiyo katika miaka ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya iliyouzwa. Je, walisema uwongo? Sisemi hivyo. Kujibu hakuna gharama. Tena mwenye kuulizwa hupenda kuonekana mwema mbele ya muulizaji (na hapa pana harufu ya riya), hali dukani hakuna amtazamaye ila Mola wake. Bei humuuma yeye leo. Madhara humfika mtu asiyemjua, siku asiyoijua.

Mfugaji naye hatazami majibu, hutazama mauzo. Aliyeacha dawa, nyama yake isiponunuliwa, hurejea alikotoka. Kwa hiyo Uswidi haikumngoja mnunuzi: mwaka 1986 ilikataza dawa za kukuzia wanyama, na Umoja wa Ulaya ukazikomesha mwaka 2006. Naona jambo hilo li karibu na kazi ya muhtasib wa kale, aliyekagua mizani na nyama sokoni asiwaachie wanunuzi azma zao.

Nawe ukinunua kuku wa kisasa, muulize mwenye banda: dawa huwapa wagonjwa, au huzitia katika maji kila siku? Ukimpata ajizuiaye, na bei yake imezidi kidogo, mlipe ziada hiyo papo hapo.

Wallahu aalam.